Kutabiri Siku ya Albamu: Kendrick Lamar na Hesabu za Mashabiki

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana kimaana ilhali hayalingani: kutabiri, kubashiri, kuagua na kupiga ramli. Wazungumzaji wengi huyachanganya bila kujali, na aghalabu hapana hasara. Hata hivyo, asili zake ni tofauti. Kutabiri latokana na neno la Kiarabu lihusulo kufasiri ndoto. Mtabiri, basi, ni mtu aliyepewa dalili fulani naye akazisoma. Kubashiri lina nasaba moja na bishara, yaani habari njema, na kwa hiyo anayebashiri huwa na chembe ya kutamani kile anachokisema. Kuagua ni kazi ya mganga anayetafuta chanzo cha maradhi au msiba. Ama ramli, asili yake ni mchanga: mpiga ramli huchora alama mchangani kisha akazisoma kana kwamba zilikuwapo kabla ya kidole chake.

Makala haya yananuia kuyatumia maneno hayo kama mizani ya kupimia jambo ambalo vijana wa vyuo vyetu hulijadili kwa ari kubwa, nalo ni hili: msanii mashuhuri wa muziki wa kufokafoka atatoa lini kazi mpya? Swali laweza kuonekana la kipuuzi mbele ya wahadhiri wetu. Lakini ndani yake mna masuala mazito ya hesabu, ya biashara na ya mantiki, na katika miaka ya hivi karibuni mna pesa pia. Nimemteua Kendrick Lamar, mzaliwa wa mji wa Compton, California, mwaka 1987, kwa sababu tarehe za kazi zake zajulikana vyema, na kwa sababu amewashinda watabiri wake kwa njia zenye mafunzo tele.

Tuanze na tarehe zenyewe. Albamu yake Section.80 ilitoka tarehe 2 Julai 2011. Good Kid, M.A.A.D City ikafuata tarehe 22 Oktoba 2012, kisha To Pimp a Butterfly tarehe 15 Machi 2015, DAMN. tarehe 14 Aprili 2017, Mr. Morale & the Big Steppers tarehe 13 Mei 2022, na GNX tarehe 22 Novemba 2024. Msomaji akichukua kalenda na kuhesabu siku zilizopita kati ya albamu moja na nyingine, atapata 478, 874, 761, 1855 na 924. Tarakimu hizi tano ndizo mchanga wetu.

Sasa tumtafakari shabiki aliyekuwapo siku ile DAMN. ilipotoka. Mbele yake alikuwa na vipindi vitatu tu: siku 478, 874 na 761. Wastani wake ni siku 704. Angejumlisha siku hizo na 14 Aprili 2017, angefika tarehe 19 Machi 2019, na angekuwa na haki ya kujiona mtu makini anayetumia ushahidi. Albamu haikuja mwaka 2019, wala 2020, wala 2021. Alikosea kwa siku 1151, yaani zaidi ya miaka mitatu. Kosa lenyewe lilikuwa refu kuliko kila kipindi alichokitumia kukadiria.

Linalostaajabisha zaidi ni la mara iliyofuata. Shabiki yuleyule, akiwa hajakata tamaa, angeongeza kile kipindi kirefu cha siku 1855 katika hesabu zake baada ya Mr. Morale. Wastani mpya ungekuwa siku 992, na tarehe ambayo angeitaja ni 29 Januari 2025. GNX ilitoka siku 68 tu kabla ya hapo. Je, mbinu yake iliboreka? La hasha. Mbinu ni ileile. Ni kama mtu apigaye mshale gizani mara mbili, wa kwanza ukaenda msituni na wa pili ukagonga ukingo wa shabaha, naye akadai kwamba amejifunza kulenga. Tukiwa na vipindi vitano vinavyoanzia siku 478 hadi 1855, wastani hutuambia machache mno. Mtawanyiko ndio unaosema ukweli, na ukweli wenyewe ni kwamba lolote laweza kutokea kati ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, na miaka mitano.

Isitoshe, kuna utata wa kuamua ni nini kinachohesabiwa kuwa albamu. Tarehe 4 Machi 2016 Kendrick alitoa untitled unmastered., mkusanyiko wa nyimbo zisizokuwa na majina, uliotokana na mabaki ya kazi ya To Pimp a Butterfly. Ulitoka bila tangazo, baada ya mchezaji wa mpira wa kikapu LeBron James kumwomba hadharani mkuu wa kampuni ya kurekodi, Anthony Tiffith, aziachilie nyimbo hizo. (Nani angeweka ombi la mcheza kikapu katika kanuni yake ya hisabati?) Ukiuhesabu mkusanyiko huo, kile kipindi cha siku 761 hugawanyika kuwa 355 na 406, na wastani wote hubadilika. Kadhalika kuna albamu ya filamu ya Black Panther ya Februari 2018, ambayo aliisimamia na kushiriki katika nyimbo zake. Ukiiingiza, kile kimya cha miaka mitano hakianzi 2017 bali 2018. Mtabiri mwenye hila anaweza kuchagua fasili itakayompa tarehe anayoipenda. Hapo ametoka katika kutabiri na kuingia katika ramli: kidole chake ndicho kilichochora.

Gari linaloondoka likijaa

Kuna kosa la mantiki ambalo hata wanaojua hesabu hulitenda. Siku 704 zilipopita baada ya DAMN. na kazi mpya isionekane, mashabiki wengi walisema, "Sasa imekaribia zaidi." Kauli hiyo ina mvuto, kwani tumezoea kudhani kwamba aliyekwisha kungoja muda mrefu hana budi kuwa amebakiza muda mfupi. Kwa treni ya Nairobi kwenda Mombasa jambo hilo ni kweli, maana treni ina saa yake. Lakini albamu haifanani na treni. Yafanana na matatu inayongoja abiria kituoni na kuondoka ikijaa. Ukiwa umekaa ndani kwa dakika arobaini na bado viti viko wazi, muda huo hauthibitishi kwamba safari i karibu. Huenda ukathibitisha kwamba leo abiria ni haba. Kimya kinaporefuka, mtu mwenye busara hurefusha makadirio yake badala ya kuyafupisha.

Kwa hiyo swali bora si "saa ngapi zimepita?" bali "viti vingapi vimejaa?" Kwa upande wa albamu, viti hivyo ni vingi. Nyimbo lazima ziandikwe na kurekodiwa. Ikiwa mtayarishaji ametumia kipande cha wimbo wa mtu mwingine, idhini ya mwenyewe sharti ipatikane, na mazungumzo ya malipo yanaweza kuchukua miezi. Sauti huchanganywa na kusawazishwa. Mikataba nayo huwa na vizingiti vyake: mnamo Agosti 2021 Kendrick alitangaza kwamba alikuwa akiitayarisha albamu yake ya mwisho chini ya Top Dawg Entertainment, kampuni aliyokuwa nayo tangu ujana wake. Tangazo hilo lilikuwa dalili halisi ya kiti kilichojaa, lakini bado miezi tisa ilipita kabla gari halijang'oa nanga.

Na kuna viti ambavyo hakuna mtu wa nje anayeweza kuviona. Mr. Morale ilipotoka, msanii alieleza mwenyewe katika nyimbo zake kwamba kwa miaka miwili kalamu ilimkwama. Alizungumzia pia majonzi, ushauri wa kitaalamu aliokuwa akiupokea na majeraha ya familia. Jalada la albamu linamwonyesha akiwa mzazi, mtoto mkononi. Jambo la kushangaza ni kwamba katika wimbo wa kwanza kabisa anaitaja ile idadi ya siku, 1855. Wakati mashabiki walipokuwa wakizihesabu siku hizo huku, naye alikuwa akizihesabu kule, ila kwake hazikuwa siku za kungoja. Sidhani kuna tarakimu nyingine inayoonyesha kwa uwazi zaidi umbali uliopo baina ya anayetabiri na anayetabiriwa.

Abiria wa kukodiwa

Mtu anayesafiri mara kwa mara mijini anafahamu kwamba si kila aliyeketi ndani ya matatu ni msafiri. Wapo wanaolipwa kukaa vitini ili gari lionekane limejaa, na wateja wa kweli wapandapo, wao hushuka mmoja mmoja. Dalili za muziki nazo ni hivyo. Kipande cha sekunde chache mtandaoni, picha iliyofutwa, neno la mtayarishaji katika mahojiano: baadhi ni abiria wa kweli, wengine wamekodiwa na wengine walipita tu kumsalimu dereva.

Mfano bora ni wa Pasaka ya mwaka 2017. DAMN. ilitoka siku ya Ijumaa Kuu. Mara mashabiki wakaunda nadharia kwamba, maadamu mhusika wa albamu anaelekea kufa katika simulizi yake na siku yenyewe ni ile ya mauti ya Kristo, basi albamu ya pili itafufuka Jumapili. Walitafuta ushahidi katika rangi za jalada na katika dokezo la mtayarishaji mmoja aliyekuwa akiwachokoza. Nadharia hiyo ilikuwa nzuri mno kifasihi. Mwanafunzi angeweza kuiandikia tasnifu. Jumapili ilifika, ikapita. Hakuna albamu iliyotoka. Mnamo Desemba mwaka huo ndipo lilipotolewa toleo maalumu ambalo nyimbo zilezile zilipangwa kinyumenyume, jambo lililodhihirisha kwamba mashabiki hawakukosea kuona muundo ndani ya kazi. Walichokosea ni kuugeuza muundo wa sanaa kuwa ratiba ya biashara. Hapa hawakuwa wakitabiri, walikuwa wakibashiri: walitamani.

Kinyume cha hayo ni mfululizo wake wa nyimbo uitwao The Heart. Sehemu ya tatu ilitoka Oktoba 2012, siku chache kabla ya Good Kid, M.A.A.D City. Sehemu ya nne ilitoka tarehe 23 Machi 2017, na ndani yake msanii aliitaja waziwazi tarehe ya 7 Aprili kama ukomo aliowawekea wapinzani. Siku hiyo ilipowadia, agizo la awali la DAMN. likafunguliwa, na wiki moja baadaye albamu ikawa mikononi mwa watu. Sehemu ya tano ilitoka tarehe 8 Mei 2022, siku tano kabla ya Mr. Morale. Mtabiri yeyote angeweza kufanya kanuni: ikija The Heart, albamu i mlangoni. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi mara tatu mfululizo. Kisha ikaja GNX bila The Heart yoyote kuitangulia. Mkusanyiko huo ulikuwa na wimbo wenye jina la kukaribiana nao, lakini ulikuwa ndani ya albamu yenyewe, ambapo haungeweza kumsaidia mtabiri.

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini. Tupime muda uliopita kati ya wimbo mmojawapo mkubwa wa utangulizi na albamu yenyewe. Swimming Pools ilitoka tarehe 31 Julai 2012, siku 83 kabla ya albamu. Wimbo uitwao i ulitoka tarehe 23 Septemba 2014, siku 173 kabla. Humble ulitoka tarehe 30 Machi 2017, siku 15 kabla. The Heart Part 5, siku tano. Kwa GNX, tangazo lilikuwa video fupi ya takriban dakika moja, iliyotangulia albamu kwa muda usiofika saa moja. Tena haikutoka usiku wa manane kama ilivyo ada, bali adhuhuri ya mashariki mwa Marekani, wakati ambapo hapa kwetu ilikuwa yapata saa mbili usiku. Kutoka miezi takribani sita hadi dakika kadhaa, katika muda wa miaka kumi.

Sababu moja ni ya kiteknolojia. Zamani diski zilichapwa kiwandani, zikasafirishwa madukani, na kila mtu katika mnyororo huo alijua siri. Sasa nakala ya mtandaoni yaweza kutoka leo na zile za kushikika zikafuata baadaye, kama ilivyokuwa kwa GNX. Sababu ya pili ni kwamba kutoa kwa ghafla kumekuwa mbinu ya kibiashara yenye heshima tangu Beyoncé alipofanya hivyo Desemba 2013. Hata hivyo kuna sababu ya tatu, ambayo ndiyo inayoitofautisha kazi hii na ile ya wanaouangalia mwezi wa Idi. Mwezi hausikii tunayoyasema. Ukiandama au usiandame, haujali kwamba Mombasa wameshachinja. Msanii husikia. Anajua kwamba mashabiki wanaingojea The Heart, na kwa kujua hivyo anapata uwezo wa kutoitoa. Dalili ikishatambuliwa na wengi, huanza kuoza.

Dirisha badala ya siku

Je, hapana lolote linaloweza kujulikana kabla? Lipo, ila ni lazima tukubali kutaja dirisha badala ya siku. Kwanza, siku ya juma. Tangu tarehe 10 Julai 2015 tasnia ya muziki duniani imekubaliana kwamba kazi mpya zitolewe Ijumaa, na wiki ya chati za Billboard huhesabiwa kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi. Anayetoa Jumatatu hujinyima siku tatu za mauzo ya wiki yake ya kwanza. Kazi za Kendrick zilizotoka baada ya mwafaka huo, nilizozitaja hapo juu, zote ziliangukia Ijumaa. Hapo mtabiri amekwisha kuondoa siku sita katika kila saba, bila ramli.

Pili, kuna matukio makubwa. Mwaka 2024 ulikuwa wa kipekee: malumbano yake na Drake yalizaa nyimbo kadhaa ndani ya siku chache, kuanzia Euphoria ya tarehe 30 Aprili hadi Not Like Us ya tarehe 4 Mei. Wengi waliamini kwamba albamu ingetoka kabla ya tarehe 30 Agosti, ambayo ilikuwa siku ya mwisho kwa kazi kustahiki tuzo za Grammy za Februari 2025. Hoja ilikuwa na mashiko. Haikutimia, Not Like Us peke yake ilitosha kumpatia Grammy tano. Lakini tarehe 8 Septemba ilitangazwa kwamba angetumbuiza katika Super Bowl huko New Orleans, tarehe 9 Februari 2025. Tangazo hilo lilikuwa dalili bora kuliko zote, kwa kuwa msanii anayepewa jukwaa la namna hiyo ana kila sababu ya kuwa na bidhaa mpya sokoni.

Tuseme basi mtabiri wetu alikata shauri siku hiyo ya Septemba: albamu itatoka Ijumaa, kabla ya Super Bowl. Alikuwa sahihi kabisa. GNX ilitoka siku 79 kabla ya onyesho. Lakini kati ya tangazo na onyesho kulikuwa na Ijumaa 22. Angelazimishwa kutaja moja, bila habari nyingine, nafasi yake ya kupatia ilikuwa moja katika ishirini na mbili, chini ya asilimia tano. Hata tukiondoa Ijumaa za sikukuu za mwisho wa mwaka, hali haibadiliki sana. Huu ndio upeo wa utabiri wa haki: ulikuwa na dalili bora, ukaisoma vyema, hukudanganywa, na bado una nafasi tisini na tano katika mia za kuitaja siku isiyo yake.

Tena nimezungumzia kazi zilizotoka. Hesabu zetu zote zina upofu huo, kwani kazi isiyotoka haina tarehe ya kuhesabiwa. Dr. Dre aliwangojesha mashabiki albamu ya Detox tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyimbo zilidokezwa, miaka ikatajwa, ikabadilishwa. Mwaka 2015 alieleza kwamba ameiacha kwa sababu hakuridhika nayo, akatoa Compton badala yake, tarehe 7 Agosti. Tha Carter V ya Lil Wayne ilitarajiwa Desemba 2014. Mgogoro wake na kampuni iliyomsimamia ulifika mahakamani, na albamu haikutoka hadi Septemba 2018. Katika hali hiyo ya pili, dalili ya maana haikuwa studioni kamwe. Ilikuwa katika jalada la kesi, na aliyefuatilia habari za suluhu iliyofikiwa Juni 2018 alijua mengi kuliko aliyesikiliza kila mahojiano.

Lililobaki ni la pesa. Masoko ya utabiri ya mtandaoni, Polymarket likiwa mojawapo, yamekuwa yakipokea dau juu ya maswali ya aina hii. Iliwahi kuulizwa kama albamu mpya ya Playboi Carti ingetangulia mchezo wa kompyuta wa GTA VI. Albamu hiyo ilitoka tarehe 14 Machi 2025. Wanafunzi wetu, ambao wengi wamezoea kuweka dau la kandanda kwa simu, wasidhani kwamba huu ni mchezo uleule. Katika kandanda, hata kipa hajui matokeo kabla ya kipenga. Katika albamu, siku imeshaamuliwa na watu fulani: msanii, meneja, fundi wa sauti, mchora jalada, mfanyakazi wa kampuni ya usambazaji anayepakia faili. Hao wote wana marafiki, na marafiki wana simu. Mwanafunzi anayeweka shilingi zake upande mmoja kwa kutegemea wastani wa siku 978 hajui ni nani aliyeko upande wa pili wa dau hilo, na yumkini mtu huyo hatabiri chochote. Ameshaiona faili.